Jina Ndani ya Kiungio

Zuhura mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana nakusikia ukikoroma upande wa pili wa ukuta, na nimechungulia nikaona umeweka viatu vipya kando ya mto kama ulivyokuwa ukifanya usiku wa kuamkia Idi. Hali yangu mimi si nzuri. Nitakueleza, na hiyo ndiyo barua yenyewe.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuagiza yote, mengine mara tatu: sweta, pasipoti, usile usichokijua, usiache sala. Alasiri alikifunga kipande cha sabuni ya mche ndani ya kanga akakisukuma chini kabisa ya sanduku. Ukamcheka, "Mama, huko niendako sabuni ipo madukani!" Akakujibu, "Hata hapa iliwahi kuwepo." Nilipokiona kile kipande nikatoka nikakaa barazani. Ulinifuata ukaniuliza kama nalia, nikasema ni moshi. Moshi gani, na jiko lilikuwa halijawashwa? Nilikuwa nalia, mama. Nililia kwa sababu ya sabuni.

Usishangae pia kuona nimeandika kwa penseli. Kalamu ninayo, lakini wino hukimbia ukiguswa na maji, na mvua imeanza.

Miaka yote umenijua kuwa fundi bora wa kuunga kebo za simu katika mji huu. Umelisikia hilo kwa mama yako, kwa majirani zetu wa Mtaa wa Sikukuu, na kwangu mwenyewe kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Ulipochagua chuo cha simu, wakati wasichana wenzako wanataka ukarani na uuguzi, nilizunguka Kariakoo nzima nimetanua kifua. Na sasa unakwenda ng'ambo kusomea nyaya za kioo, ambazo ndani yake hupita mwanga badala ya umeme, na uzi mmoja mwembamba kama unywele unabeba maneno ya mtaa mzima. Juzi uliponieleza nilijifanya nimeelewa. Nilichokielewa ni kimoja tu. Ulisema kioo hakiogopi maji kama shaba inavyoyaogopa, na uliposema hivyo ulikuwa unanitazama usoni. Tangu hapo sijapata usingizi, maana nilihisi unajua.

Basi nianze na Hamisi.

Hamisi Chilumba unamkumbuka. Yule mrefu wa Newala, mtani wangu, aliyekuwa akija hapa Jumapili na kukuita "mke wangu" mpaka unakimbilia uvunguni. Ndiye aliyeazima sufuria kubwa la mama yako, la pilau, asilirudishe. Mama yako hadi leo akikosa chombo cha kupikia shughuli humtaja Hamisi na sufuria lake, nanyi watoto hucheka. Mimi huwa natoka nje.

Tulifanya kazi wawili wawili, mimi na yeye, miaka saba. Mmoja anaunganisha nyaya, jozi moja baada ya nyingine, mwingine anafunga bomba la madini ya risasi juu yake na kuliziba kwa risasi iliyoyeyushwa, akiipangusa kwa kitambaa mpaka itelee. Na unaijua desturi yetu. Kabla ya kuziba, anayefunga anaandika jina lake na siku ile kwenye kikaratasi, kwa penseli, anakiingiza katikati ya nyaya. Kisha kinafungiwa humo. Kikaratasi hicho hakisomwi na mtu. Kinakaa gizani chini ya barabara, juu watu wanapita na mikokoteni ya vitunguu, na kama kazi ilikuwa nzuri kitakaa mpaka aliyekiandika azikwe. Kikisomwa, ujue kiungio kimefunguliwa, na kiungio hakifunguliwi kwa heri.

Mwaka ule soko jipya lilikuwa linajengwa, na kebo kubwa ilibidi ihamishwe ipite nyuma yake. Hamisi alikuwa anategemea kupandishwa cheo. Bwana Kapinga, msimamizi wetu, alikuwa ameshamwambia kwamba kimebaki kiungio kimoja kikubwa chenye jina lake. Siku ya kukifunga kile cha nyuma ya soko Hamisi alikuja na homa, meno yanagongana, akaunganisha nyaya zake vizuri lakini mikono haikuweza kushika risasi ya moto. Nikafunga mimi. Nilipofika kwenye kikaratasi nikampa penseli.

"Andika lako," nikamwambia.

"Mtani, si umefunga wewe?"

"Andika. Ukipanda cheo utanilipa kuku."

"Kikivuja je?"

"Kazi yangu haivuji," nikasema, na nilikuwa naamini hivyo.

Sasa sikiliza habari ya sabuni. Kiungio kikishazibwa, hujazwa upepo kwa pampu, halafu unapaka povu la sabuni kuzunguka mshono wote. Pakiwa na tundu, hata dogo la ncha ya sindano, povu linavimba pale pale. Stoo walikuwa wametupa mche mmoja wa sabuni kwa kazi hiyo, na nakuambia walitupa kwa kutusainisha, maana sabuni ilikuwa haionekani mji mzima. Wiki ile ile wewe ulikuwa umerudishwa kutoka shule kwa sababu ya sare chafu. Mama yako alikuwa amejaribu kuifua kwa majani ya mpapai, shati likatoka la kijani. Ulilia siku nzima nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa na mche wa sabuni mkononi, ndani ya chemba, lile shimo la kebo chini ya barabara, na hapakuwa na mtu wa kuniona isipokuwa Hamisi aliyekuwa amejikunja kwa homa.

Niliutia kwenye mfuko wangu wa chakula. Kiungio nilikipitishia kidole gumba mshono wote, polepole, nikajiambia kidole changu kinajua kuliko povu. Jumatatu ulikwenda shule na shati jeupe. Hamisi alipita Jumapili, akaliona kambani, akanitania: "Mtani, nyumba hii ina sabuni!" Tukacheka sana. Alijua. Alikuwa na homa lakini hakuwa kipofu.

Mvua za masika zilipokuja, ghala moja la sufi za magodoro, mitaa miwili kutoka sokoni, lilishika moto. Watu wakakimbilia simu ya duka la jirani, imekufa. Duka la pili, imekufa. Mtaa mzima simu zilikuwa zimekufa tangu jioni, maji yalikuwa yameingia kwenye kebo. Kijana mmoja akakimbia kwa miguu mpaka zimamoto. Walipofika, mlinzi aliyekuwa amelala mle ndani, mzee wa watu kutoka Lindi, alikuwa ameshakufa. Nilimwona asubuhi alivyotolewa. Sitaki kukueleza nilichokiona.

Siku hiyo hiyo tulifungua kiungio. Bwana Kapinga alisimama juu ya chemba na daftari lake, Hamisi ameshika taa, na mimi ndani. Nilipokata bomba maji yalinimwagikia magotini. Shaba ilikuwa imeota ukijani. Na pale katikati kile kikaratasi, kimelowa lakini kinasomeka.

"Athumani, soma jina," Kapinga akasema.

Zuhura, kilikuwa kidogo kuliko tiketi ya basi. Ningeweza kukimeza. Ningeweza kusema kimeoza. Ningeweza kusema, bwana, jina lililomo ni la Hamisi lakini mkono ni wangu. Nilitazama juu nikamwona Hamisi ananitazama. Hakukunja uso wala hakunikonyeza, alikuwa ananisubiri tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwa muda wa kukunja kitambaa. Nikakisoma kikaratasi kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hamisi Chilumba."

Hamisi akasema, "Jina ni langu, bwana."

Hakuongeza neno. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini. Nadhani alikuwa anaendelea kunisubiri. Nadhani alisubiri siku ile, na kesho yake, na wiki ile walipokuwa wakimhoji na neno hujuma likaanza kutajwa. Mimi kila siku nilijiambia nitakwenda kwa Kapinga kesho. Nina mtoto shuleni, nilijiambia. Yeye hana mke wala mtoto. Hesabu za namna hiyo ukianza kuzipiga huishiwi nazo.

Walimwachisha kazi, wakamnyang'anya kitambulisho. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki maana ya kutembea Kariakoo siku zile bila kitambulisho cha kazi. Msako ulipita, wakamkuta Mtaa wa Kongo anabeba magunia, wakamuuliza kazi yake, akasema fundi simu, wakacheka. Asubuhi ile nilikuwa kwenye chemba ya Magogoni, karibu kabisa na pantoni la kuvukia. Likaja lori limejaa watu wa kupelekwa kulima ng'ambo ya Kigamboni. Nikainua kichwa. Hamisi alikuwa amesimama nyuma, amewapita wenzake wote kwa urefu, ameshika mfuko wa nailoni.

Alifurahi kuniona, mwanangu. Hilo ndilo lililonimaliza. Alipunga mkono na kupiga kelele, "Mtani! Mwambie mama Zuhura nimeondoka na sufuria lake!"

Watu wa kwenye lori wakacheka. Mimi niliinama nikarudi ndani ya chemba, nikakaa humo mpaka nikasikia pantoni limeondoka.

Miaka kumi sasa sijavuka Magogoni. Shangazi yako alimwoza mwanawe Kigamboni sikwenda. Msiba wa Mzee Mbwana sikwenda. Mmenitania sana, Baba anaogopa maji, na mimi nikakubali jina hilo kwa sababu lilikuwa jepesi. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, ukisimama huku unaona wanawake wa kule wanaanika nguo. Sikuwahi kuogopa maji. Niliogopa kushuka pantoni nikutane na mtu mrefu atakayefurahi kuniona.

Ungedhani mtu aliyefanya hivyo asingerudia. Mimi pia nilidhani.

Januari walipokuleta kwangu kwa mafunzo ya kazi, nilimshukuru Mungu. Tukapewa kile kiungio cha Msimbazi, chemba ya tatu ukitoka upande wa mto, kebo iliyokatwa na wachimba mtaro. Unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Nta ya kukaushia karatasi zinazozungushiwa nyaya ilikuwa kuukuu, na mafuta ya taa ya kuichemshia yalikuwa kidogo, stoo wametupa nusu chupa na kusema hakuna mengine. Ulichovya kipande cha karatasi hiyo kwenye nta ya moto kama ulivyofundishwa chuoni, kikalia chrrr, kikatoa mapovu.

Ukasema, "Baba, kinalia. Bado kuna unyevu."

Nikasema, "Hiyo ni nta kuukuu."

"Tuifunike turubai, tusubiri mafuta kesho."

"Nani fundi hapa?"

Ukanyamaza. Ulisema kweli na mimi nilijua umesema kweli. Lakini wasukuma mikokoteni walikuwa wamekusanyika juu ya chemba wanataka barabara yao, wengine wananijua kwa jina, na mimi mbele yako sikutaka kuonekana fundi aliyeshindwa kumaliza. Nikaziba. Safari hii povu nilipaka, sikukosa sabuni, na hakuna tundu lililojitokeza. Nilikuwa nimefungia unyevu ndani kwa ufundi mkubwa, basi nikaridhika. Kisha nikaona bado umenuna, na moyo wangu haukuweza kuvumilia. Lakini hebu ngoja, kikaratasi kilikuja kabla ya kuziba, nisije nikakosea hata hapa. Risasi ilikuwa inayeyuka, nikakupa penseli nikasema, "Kiungio chako cha kwanza. Andika jina lako."

Uliandika kwa mwandiko wako mzuri wa chuo, Zuhura Athumani, ukacheka, ukasahau. Niliununua ukimya wako kwa jina lako mwenyewe. Wallahi siku ile sikuliona hivyo. Niliona nakupa zawadi, kama nilivyompa Hamisi.

Mwezi mmoja baadaye magoti yangu yalinikatalia kushuka kwenye chemba, wakanihamishia chumba cha vipimo. Kazi ni kukaa mezani asubuhi kabla ya saa moja, kuunganisha mita kwenye kila kebo, kutazama mshale, kuandika daftarini. Kebo kavu mshale unasimama juu. Ikianza kunywa maji unashuka. Mvua ya kwanza ya mwezi uliopita, mshale wa Msimbazi ukashuka kidogo. Nikaandika namba ya jana yake. Kesho yake ukashuka tena. Nikaandika namba ile ile. Habari ya safari yako ilikuwa imeshatoka, jina lako limebandikwa ubaoni, na mimi niliwaza: kiungio kikifunguliwa watasoma Zuhura Athumani, na msichana ambaye jina lake limetoka ndani ya kebo iliyooza hapelekwi ng'ambo kwa fedha za serikali. Kwa maneno yanayosemwa siku hizi kuhusu wahujumu, huenda asipelekwe popote pazuri.

Wiki tatu nimeandika uongo kwa ajili yako. Kila asubuhi mshale uko chini zaidi, na kila asubuhi namba yangu imesimama pale pale. Kebo hiyo ndiyo yenye simu ya zahanati ya wazazi. Ndiyo yenye simu ya polisi wa upande ule, na maduka yote ambayo watu hukimbilia kukiwa na jambo. Nilijiambia itashika mpaka uondoke. Nilikuwa naisemesha, mwanangu, nimekaa peke yangu na mita naiambia kebo, vumilia, bado siku nne, bado siku tatu.

Jana walikuja watu wawili chumba cha vipimo. Hawakusema wametoka wapi. Mmoja alikuwa kijana wa umri wako, akaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," nikaitikia marahaba, akavuta kiti akakaa. Mwenzake akaomba daftari. Akafunua kurasa bila haraka, akirudi nyuma, akienda mbele, kidole chake kikishuka safu moja tu.

"Hii ya Msimbazi," akasema, "haijatikisika tangu mvua zianze. Nyingine zote zinapanda na kushuka."

"Ni kiungio kipya," nikamwambia.

"Kizuri sana. Kimefungwa na nani?"

Nikasema sikumbuki, orodha anayo Bwana Kapinga.

Yule kijana akatabasamu. "Usisumbuke mzee. Jina si limo humo ndani?"

Wakaondoka. Saa tisa Kapinga akaja kuniambia kwamba chemba ya tatu itafunguliwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, na niwepo kwa sababu ufunguo ninao mimi. Kesho ndiyo Jumamosi. Ndege yako inaondoka saa nne.

Nikapanga. Nitakwambia nilichopanga ili usije ukaambiwa baba yako alikuwa mtu mwema. Nilipanga nipoteze ufunguo. Nizunguke nao mfukoni, nijifanye natafuta, niwatume stoo, niwatume nyumbani kwangu, mpaka nisikie ndege imepita juu. Kisha ndiyo wafungue wasome wanachotaka kusoma, wewe uko mawinguni. Nilipokula nanyi jioni huo ndio ulikuwa mpango wangu, na ndiyo maana nilikuwa mchangamfu kupita kiasi.

Baada ya isha nikatoka nikaenda dukani pale kona nikaomba kupiga simu zahanati. Sikuwa na mgonjwa. Nilitaka kusikia. Ililia kwa mbali, ikakwama, ikaanza kuunguruma kwa sauti ninayoijua. Ni maji hayo. Mwenye duka akasema, "Mzee, mstari wa zahanati tangu magharibi hivyo hivyo. Kuna mama wa nyumba ya nyuma uchungu umemshika, wamempeleka kwa mkokoteni kwenye mvua hii."

Nilirudi nikakaa na karatasi hizi. Nilitaka kukuandikia maneno ya kuagana, ya baba na mwanawe. Nilipoandika jina la Hamisi tu nikajua siwezi kuficha ufunguo. Nitakapomaliza nitakwenda Ilala kwa miguu kumgongea Kapinga, tukafungue sasa, kabla ya hao wengine. Kufika alfajiri tunaweza kuwa tumekata ile sehemu iliyolowa na zahanati ikapata simu. Mafuta ya taa nimechukua yetu ya jikoni, mwombe mama yako asinitukane.

Kapinga atapandwa na hasira, kisha ataandika taarifa, maana ni mtu wa taarifa. Huenda taarifa ikafika uwanjani kabla ya saa nne. Hilo nalijua na bado nakwenda. Kama naiharibu safari yako, naiharibu kwa mikono yangu nikiwa na akili zangu, na huna sababu ya kunisamehe upesi. Nimekaa saa nzima nikitafuta njia ambayo nasema kweli na wewe huguswi. Sikuiona, mwanangu. Nimetafuta kama ninavyotafuta jozi iliyokatika, na sikuiona.

Wakija uwanjani, wafuate, uwaeleze ulichosikia. Kwamba karatasi ililia kwenye nta. Kwamba ulisema tusubiri mafuta. Kwamba uliulizwa nani fundi hapa. Usipunguze, na usinitetee. Najua utataka kunitetea, umekuwa hivyo tangu utoto, mama yako akinigombeza wewe unakaa upande wangu. Safari hii kaa upande wa jina lako.

Wasipokuja, panda. Usigeuke kunitafuta kwenye ile baraza ya kuagia watu, sitakuwepo. Mama yako atakuwepo, na atalia mpaka akutie aibu, mwache alie. Huko kwenye nyaya zako za kioo sijui kama wanaweka vikaratasi. Wakiweka, utaona penseli yenyewe inavyokuwa nzito mtu anapokupa uandike pale ambapo hukufunga. Nilipaswa kukuambia hivyo Januari, wewe ukiwa umeshika penseli na mimi nimeshika risasi.

Nikiachwa huru na miguu yangu baada ya haya, nitavuka Magogoni. Sijui kama yuko hai. Sijui kama bado yuko kule au alihama. Nitauliza mtu mrefu wa Newala mwenye sufuria la watu.

Mvua imezidi. Hukoromi tena, sijui kama umeamka. Kama umeamka, usitoke bado, niache nipite. Nikikuona uso nitakaa.

Barua naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia. Kapinga akinyoosha mkono kupokea kile kikaratasi, sitasubiri kisomwe. Na ili ujue nitakachosema, nakiandika hapa, kwa penseli, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo:

*Kiungio cha nyuma ya soko. Kimefungwa na Athumani Salehe.*

*Kiungio cha Msimbazi, chemba ya tatu. Kimefungwa na Athumani Salehe, baba yake Zuhura.*